Hela za korosho zikiingia, anza na spika

Malipo ya mnada wa korosho yakianza kuingia, maduka ya vifaa vya umeme hapa Mtwara mjini hutoa sabufa hadi barazani, moja juu ya nyingine, taa za bluu na nyekundu zikicheza na singeli ikitetemesha vioo vya mlango. Wanasema kizuri chajiuza. Sabufa hujiuza kwa taa. Ukisogea karibu, muuzaji hakuambii lolote kuhusu sauti, anakutajia wati tu: "Bosi, hii ni wati elfu kumi." Na kweli boksi limeandikwa hivyo kwa herufi kubwa, na pembeni kuna herufi nne ndogo ambazo hakuna anayeuliza maana yake: PMPO.

Mimi nasema hivi: mwenye laki tatu au nne za kuweka muziki sebuleni aachane na hiyo sabufa. Atafute spika mbili nzuri, hata za mtumba, halafu amplifaya ndogo ya kuzisukuma. Theluthi mbili ya hela iende kwenye spika, kinachobaki kigawane amplifaya na nyaya. Najua wengi hufanya kinyume: amplifaya kubwa kwanza, spika baadaye "tutaona". Lakini sikio linasikia spika. Amplifaya yoyote iliyotengenezwa kwa uaminifu hutofautiana kidogo na mwenzake, ila spika na spika zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku.

Turudi kwenye wati, maana hapo ndipo watu wanapoibiwa. Igeuze ile sabufa uone nyuma, karibu na waya wa umeme. Kuna kibandiko kinachosema kifaa kinakula umeme kiasi gani. Ukikuta kimeandikwa wati 60, jiulize: kinachokula 60 ukutani kitatoaje elfu kumi kwenye spika? Pasi ya umeme inakula wati 1,000 hivi, na kila mtu anajua inavyofyonza LUKU. Wati 10,000 ni pasi kumi zimewashwa kwa mpigo, tena kwenye waya mwembamba ule! PMPO, yaani kilele cha nguvu kinachodaiwa kufikiwa kwa kufumba na kufumbua, haina kanuni moja inayofuatwa, kila kiwanda hujikokotolea. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo, na iulizie pamoja na omu zake, yaani ukinzani wa spika iliyotumika kuipimia. Fundi akifungua sabufa za bei ya chini, mara nyingi anakuta aisi (chipu ya kukuza sauti) ya TDA2030 au ndugu zake, na hiyo yenyewe ikilishwa vizuri hutoa wati 14 hivi.

Ajabu ni kwamba wati 14 zinatosha sebule ya kawaida, mradi spika iwe nyepesi kusukumwa. Hapa kuna namba ambayo madukani haitajwi kabisa: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi spika inatoa ukiipa wati 1 na kuisikiliza kutoka mita 1. Spika zinazofaa huwa kati ya 86 na 90, zingine hupita hapo. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yako karibu desibeli 60, kwa hiyo 90 kwa wati moja tu si sauti ndogo hata kidogo. Na kila ukitaka desibeli 3 zaidi unalazimika kuongeza nguvu mara mbili. Ndiyo kusema spika ya desibeli 84 inadai wati 40 ili ifike pale ambapo ya desibeli 90 imefika kwa wati 10. Kwa kuchagua spika tu umeshapata amplifaya yenye nguvu mara nne, bila kulipa.

Kuna jambo lingine linaloniudhi kwenye sabufa hizi. Zina boksi moja la besi na vispika viwili vya kiganja. Besi inaishia chini, vispika vinaanzia juu, na katikati pamebaki shimo. Bahati mbaya katikati hapo ndipo ilipo sauti ya binadamu, ndipo fidla na ganuni za taarabu zinapokaa. Jaribu dukani: zima muziki wao, weka flashi yako yenye kaswida au taarabu unayoijua neno kwa neno, au fungua redio usikilize taarifa ya habari. Msomaji akisikika kama anaongea ndani ya pipa, ondoka.

Spika za mtumba nazo zina mitego yake, hasa sisi tunaokaa upande wa Shangani na Mikindani, hewa ya bahari ikituingia hadi kabatini. Bonyeza ukingo unaoshika karatasi ya spika. Ukiwa wa sponji, baada ya miaka hulainika na kumong'onyoka, ukiwa wa mpira hudumu zaidi. Sukuma karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku, iache. Pima kwa mita ya fundi umeme: spika ya omu 8 inasoma kama 6 hivi, ya omu 4 inasoma 3 na kitu. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, usishawishiwe na boksi la mbao linalong'aa. Angalia pia chini ya boksi. Mbao za vumbi zikishanyonya unyevu huvimba na kuachana, na hapo hata gundi ya fundi hodari inasaidia kidogo tu.

Kwa amplifaya za mtumba, soma volti kabla ya kitu kingine chochote. Nyingi nzuri zimetoka Japani, na huko umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja, harufu utaisikia kabla ya muziki. Inahitaji transfoma ya kushusha, na bei ya hiyo transfoma iingize kwenye hesabu yako siku hiyo hiyo. Kama imewahi kufunguliwa, uliza transista gani zimewekwa. C5200 na A1943 ni jozi inayopendwa na mafundi, kwa hiyo feki zake zimejaa, na feki hufa siku ya sherehe. Na hapa kwetu umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, kinga yako ni kuchomoa.

Nyaya zisikusumbue. Nyaya za shaba za kufungia nyumba, zile za milimita 2.5, kwa mita tano kutoka amplifaya hadi spika hazipotezi chochote cha kusikika. Angalia tu usiuziwe aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Kwangua kidogo kwa kisu: ndani kukiwa kweupe, rudisha. Na chanya iende kwenye chanya kwa spika zote mbili, la sivyo besi itayeyuka na utaanza kumlaumu aliyekuuzia.

Sakafu ya saruji na bati lisilo na dari vinarudisha sauti vibaya. Mkeka mkubwa na pazia zito vinasaidia kuliko kitufe chochote cha trebo.

Wa vijijini, kule Nanyamba au Kitaya, wenye umeme wa sola, msiingizwe mjini na vile vibao vidogo vya amplifaya vilivyoandikwa wati 100. Kwa betri ya volti 12 na spika za omu 4, aina hiyo haiwezi kuvuka wati 18 kwa kila upande kabla sauti haijaanza kukwaruza. Kwa omu 8 ni 9 tu. Kwa spika ya desibeli 90, hizo 18 zinakutosha wewe na majirani wawili. Ukitaka zaidi, unga betri mbili kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, upate volti 24, ila kwanza hakikisha kibao chenyewe kinazikubali.