Bo Kimble alimfanyia Hank utani wa msibani

Kila ikifika tarehe 4 Machi kuna watu lazima warushe ile klipu ya Hank Gathers, mchezaji wa kikapu wa vyuo vya Marekani, anadondoka uwanjani, na mimi kila mwaka naipita mbio kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa mkali. Niliiona mara moja, inatosha. Kijana wa miaka 23 ametoka kudanki, anarudi kwenye nafasi yake, anaanguka, anajaribu kuinuka, anashindwa. Sasa mtu unairusha hiyo ili tumkumbuke nini? Hapo Hank hachezi, hapo Hank anakufa jamani.

Kwa wasiomjua, maana najua wengi mmeanzia kwa Kobe. Hank ni mtoto wa Philadelphia, upande wa kaskazini, kakulia kwenye yale maghorofa ya serikali ya Raymond Rosen. Sekondari alisoma Dobbins pamoja na mshkaji wake Bo Kimble, 1985 wakabeba ubingwa wa shule za umma za jiji lao, wakaondoka wote wawili kwenda chuo kikuu cha USC kule Los Angeles, msimu mmoja tu kocha akafukuzwa, nao wakaona isiwe tabu wakahamia Loyola Marymount, chuo kidogo cha Wakatoliki palepale Los Angeles ambacho kwenye kikapu hakuna aliyekuwa anakihesabu.

Na hapo ndipo utamu ulipo bwana. Kocha alikuwa Paul Westhead, huyohuyo aliyewapa Lakers ubingwa wa NBA, ligi ya kulipwa, mwaka 1980, na alikuwa na kichaa chake: pata mpira, kimbia, tupa ndani ya sekunde chache, halafu wakabe wapinzani uwanja mzima mpaka waombe maji. Msimu wa 1989-90 walikuwa na wastani wa pointi 122.4 kwa mechi. Wastani! Vyuo! Timu nyingine zilikuwa zinamaliza mechi na sabini na kitu zinaenda kulala zimeridhika.

Katika hiyo vurugu Hank ndiye alikuwa injini. Msimu wa 1988-89 aliongoza vyuo vya Marekani nzima kwa pointi, wastani wa 32.7 kwa mechi, na akaongoza pia kwa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kuingia, 13.7, na kabla yake ngazi ile ya juu ya vyuo alikuwa amefanya hivyo mtu mmoja tu, Xavier McDaniel. Ukitaka kumkumbuka tafuta mechi yao na LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, Februari 1990. LSU wana Shaquille O'Neal, bado dogo wa mwaka wa kwanza lakini tayari ni mlima, pembeni yake yupo mlima mwingine, Stanley Roberts. Hank urefu wake mita mbili na kidogo, kwa pale chini ni mfupi, lakini anawaingilia tu, anazuiwa, anarudi, anazuiwa, anarudi tena kama mdai anayejua uko ndani. Alimaliza na pointi 48. Walifungwa 148 kwa 141 kwenye muda wa nyongeza, na naapa sijawahi kuona timu iliyofungwa ikanipa raha kama ile. Mimi naiangalia usiku nikiwa na bando la kutosha, na kila mara najisahau nasema leo watashinda.

Ila ukishajua kilichotangulia, raha yenyewe inaingia mchanga. Desemba 1989 Hank alishadondoka mara moja, yuko kwenye mstari wa mitupo huru wanacheza na UC Santa Barbara. Wakampima wakakuta moyo unakwenda mbio vibaya akifanya mazoezi, wakampa dawa ya kuutuliza, na baada ya wiki chache akarudi uwanjani. Shida ni kwamba dawa ile ilimfanya mzito, mwenyewe akalalamika, mchezo wa Westhead hautaki mtu mzito, dozi ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Sitaki kumhukumu mtu hapa, familia ilienda mahakamani na yakaishia huko. Ninachosema ni kwamba zile 48 zote tunazozishangilia, mimi nikiwa wa kwanza, mgonjwa ndiye alizifunga. Siku hizi tumejifunza kidogo. 2023 Bronny James, mtoto wa LeBron, moyo ulisimama mazoezini, tena hapohapo USC alipoanzia Hank, wakamuwahi, na mwaka uliofuata akasajiliwa Lakers.

Jumapili ile ya 4 Machi 1990 walikuwa nyumbani, ukumbi wa Gersten, nusu fainali ya mashindano ya kanda yao dhidi ya Portland. Mashindano yakavunjwa palepale, Loyola wakapewa nafasi ya kwenda mashindano ya kitaifa kwa kuwa ndio walioongoza msimu. Wachezaji wakaamua waende. Hebu fikiria, hata wiki mbili hazijaisha tangu umzike mwenzako na unatakiwa ukimbie ule mchezo wa kichaa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kufika, mnisamehe nimezunguka.

Hank kwenye mitupo huru alikuwa bomu. Mtu anayeongoza nchi nzima kwa pointi, mpe mtupo wa bure hakuna anayemkaba, anakosa. Ilimkera mpaka akahamia mkono wa kushoto wakati yeye ni wa kulia, labda utakubali. Basi mechi ya kwanza tangu Hank afariki, na New Mexico State, Bo Kimble akaenda kwenye mstari kutupa mtupo wake wa kwanza, na Bo ni wa kulia, akaubeba mpira kwa mkono wa kushoto. Ukaingia. Ukumbi ukalia.

Wamarekani wakiisimulia wanasema ni heshima, ni upendo, na sawa, sibishi. Lakini mimi mtoto wa Kizaramo nilipoiona nikasema mbona huu ni utani! Bo angeweza kumkumbuka rafiki yake kwa danki, kwa ribaundi, kwa kitu chochote ambacho Hank alikuwa mfalme. Hapana. Alichagua kitu kimoja ambacho Hank alikuwa hawezi, akasimama mbele ya nchi nzima akamuigiza.

Aliyewahi kukaa msibani kwenye watani anajua ninachosema. Alipofariki mzee mmoja mtaani kwetu, watu wamekaa kimya kwenye mikeka, wameinama, mara wakaingia watani wake wa Kinyamwezi, mama mmoja kavaa kofia ya marehemu na koti lake, anatembea kwa kuchechemea vilevile, anapita kwa watu mmojammoja anadai chenji yake ya shilingi mia mbili, maana mzee alikuwa hasahau chenji. Tulicheka mpaka tukalia, na mjane alicheka wa kwanza. Shehe alikuwa ameshazitaja sifa za marehemu, alikuwa mcha Mungu, alikuwa mkarimu, sifa ambazo ukibadilisha jina zinamfaa marehemu yeyote. Lakini ile chenji ilikuwa yake peke yake. Kwa dakika mbili tatu mzee alikuwa yupo pale.

Ule mkono wa kushoto ndio chenji ya Hank.

Na Bo hakuufanya mara moja. Michigan waliokuwa mabingwa watetezi wakapigwa 149 kwa 115, siku hiyo Jeff Fryer wa Loyola alitia mitupo ya mbali ya pointi tatu kumi na moja, na Bo mtupo wa kwanza kushoto, ndani. Alabama wakakataa kukimbia, wakaifanya mechi ya kutafuna mfupa, 62 kwa 60 Loyola wakapita, kushoto tena, ndani. Halafu UNLV, chuo cha Las Vegas, wakawamaliza 131 kwa 101, na hao UNLV ndio waliochukua kombe. Hata kwenye kipigo kile, wa kwanza kushoto, ndani. Minne kwa minne. Hank mwenyewe angekasirika, mimi naamini hivyo.

Februari 2020 chuo kimemuwekea sanamu nje ya ule ukumbi. Vizuri, sanamu inastahili, ila sanamu haiwezi kukosa mtupo.

Mwaka huu tarehe 4 ilipofika nikaona na mimi nisiishie kulalamikia klipu za watu. Jioni tukiwa uwanjani kwetu hapa nikafanyiwa madhambi, nikaenda kwenye mstari, nikahamishia mpira kushoto. Wakaniuliza we vipi, nikawaambia tulieni. Nikatupa. Mpira ukapita juu ya ubao, ukavuka ukuta, ukatua kwenye beseni la unga wa mama anayekaanga chapati, na nimelipa chapati sita ambazo sikula hata moja.