Wananchi wa Dodoma tupewe na grenda, si fagio tu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikifika, kila mtu hapa Dodoma anajua zamu yake: fagio, reki, toroli. Sina ugomvi na usafi. Kinachonikera ni kwamba ushiriki wetu katika maeneo ya wazi ya mji huu umeishia hapo, kufagia kilichobuniwa na wengine.

Tazama bustani zetu mwezi wa kumi, saa nane mchana. Benchi la zege lipo peke yake juani, halikaliki. Hatua chache pembeni, chini ya mwarobaini, watu wamebanana kwenye ukingo wa mtaro: muuza karanga, wanafunzi, bodaboda anayevizia abiria, mama aliyeketi juu ya tofali. Aliyechora alipima vizuri, ila hakuwahi kukaa pale saa nane. Wale wa chini ya mti wangemweleza bure.

Ndiyo maana nataka karakana ya jamii, hata moja kwa kuanzia. Banda lenye mashine ya kuchomelea, grenda, msumeno, meza ndefu, fundi anayelipwa kuwepo, na mlango ulio wazi kwa mkazi yeyote. Wenzetu wameshafika mbali: Barcelona, jiji lenyewe linaendesha mtandao wa karakana za umma zenye printa za 3D na mashine za kukata kwa leza. Sisi tusianzie huko. Mageti, majiko na toroli zinatengenezwa kando ya barabara zetu kila siku, na SIDO, shirika la umma la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie hapa. Ufundi tunao. Hatuna mahali pa kuutumia kwa kitu ambacho si cha mteja mmoja.

Mkutano wa mtaa ukionyeshwa mchoro, wengi hunyamaza au hupiga makofi, wakamaliza. Lakini peleka benchi la mbao la majaribio. Bibi atalikalia, atakwambia liko chini mno, magoti yanamsumbua akitaka kuinuka. Muuza karanga atataka pa kuegesha beseni. Kivuli kikihama alasiri, watu watalisogeza wenyewe, na pale litakaposimama wiki mbili tatu ndipo pa kumwaga zege. Huo kwangu ndio ushirikishwaji. Ule wa kusaini karatasi ya mahudhurio tumeuzoea.

Najua yatakayosemwa. Kwamba benchi litalala kwa wanunuzi wa vyuma chakavu: kweli, kwa hiyo tuanze na mbao. Kwamba mafundi wa mtaani watanyang'anywa riziki: hapo sikubali, maana wao ndio walimu wa karakana, na kazi ya kudumu ikishakubalika ipitie mikononi mwao kwa malipo.

Fedha ndiyo ngumu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kikundi cha vijana kinaweza kukopea mashine. Ila mshahara wa fundi wa karakana haulipwi kwa mkopo. Benchi la umma halirudishi marejesho. Mshahara huo uingie kwenye bajeti ya jiji, kama taa za barabarani. Na wakikubali, karakana wasiipeleke Mtumba kwenye mji wa Serikali, maana wizara hazikosi wabunifu. Waanzie kwenye kata zilizojaa watu, Majengo au Chang'ombe.