Hata FBI hawakupewa jina

Kila inaposikika huko nyumbani Usukumani kwamba bibi fulani kakatwa mapanga usiku na watu wasiojulikana, hakosi wa kuandika kwenye kundi la familia: ingekuwa Marekani, kwa vipimo na kompyuta zao, wauaji wangekuwa ndani kesho yake. Huwa nasoma nikiwa hapa Clarkston, Georgia, nataka kujibu, kisha naacha. Leo najibu.

Ukishika barabara ya 78 kuelekea mashariki unapita Stone Mountain, mlima ambako Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, walifufuliwa mwaka 1915, halafu unafika Monroe, makao makuu ya kaunti ya Walton. Mbele yake kuna kibao pembeni mwa barabara. Ukiwa kwenye mwendo hukisomi. Mimi niliegesha gari kwenye majani, malori yakinipita kwa kishindo. Kinasema kwamba kilomita kama nne kutoka hapo, kwenye daraja la Moore's Ford, tarehe 25 Julai 1946, weusi wanne walipigwa na kuuawa kwa risasi na kundi la watu ambao hawakuficha hata nyuso.

Hawakuficha nyuso, jamani. Hapo ndipo kisa chote kilipo.

Roger Malcom alikuwa mahabusu kwa kumchoma kisu mkulima mzungu katika ugomvi. Loy Harrison, mwenye shamba mzungu, akamwekea dhamana ya dola 600, akampakia kwenye gari pamoja na mkewe Dorothy, George Dorsey na mkewe Mae. Dorsey alikuwa ametoka jeshini, amepigana Pasifiki. Darajani wakakuta njia imezibwa. Wanaume wakashushwa kwanza. Kwa maelezo ya Harrison mwenyewe, mmoja wa wanawake alimtambua mtu akamtaja kwa jina, ndipo na wao wakashushwa. Harrison, mkulima wa maeneo hayohayo, alisema yeye hakumtambua hata mmoja.

Rais Truman akawatuma FBI, wapelelezi wa serikali kuu. Wakahoji watu zaidi ya 2,000. Desemba mwaka huohuo, mjini Athens, jopo la raia wanaoamua kama kuna wa kushtakiwa likasikiliza mashahidi zaidi ya 100 kwa siku 16. Hakushtakiwa mtu kwa mauaji yale. Kijana mmoja mweusi aliyekwenda kutoa ushahidi alipigwa vibaya baadaye, na kwa hilo pia hakuna aliyefungwa. Baada ya hapo ungekuwa wewe, ungesema?

Ndiyo maana siamini hadithi ya vipimo na kompyuta. Kijiji kikishakubaliana kunyamaza, mpelelezi anarudi na daftari tupu, awe ametoka Washington au makao makuu ya wilaya. Kwetu aliuawa bibi jirani ambaye kosa lake lilikuwa macho mekundu, akaitwa mchawi, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote. Kijiji kizima kilijua nani alikuwa akiutaka mpaka wa shamba lake. Polisi walikuja, wakakaa kwa mwenyekiti, wakanywa soda, wakaondoka. Watu walisema hawajui. Jioni kilabuni walijua kila kitu.

Sisemi ni jambo moja. Kule wazungu walikuwa wakilinda utawala wao: siku chache kabla, weusi wa Georgia walikuwa wamepiga kura kwenye mchujo wa chama cha Democratic, ambao kabla ya hapo ulikuwa wa wazungu peke yao. Mweusi alinyamaza kwa kuogopa kuchomewa nyumba, mzungu alinyamaza kwa sababu muuaji ni shemeji yake. Kwetu maskini anakodiwa kumuua maskini, mara nyingi na ndugu.

Basi Marekani wametuzidi nini? Faili, labda. Jimbo lilifungua upya uchunguzi mwaka 2000, FBI nao wakafuata, wote wakafunga bila mshtakiwa. Jimbo lilifunga mwaka 2018. Mwanahistoria mmoja alikwenda mahakamani kudai ushahidi uliotolewa mbele ya lile jopo, akashinda, akafariki, kisha Machi 2020 mahakama ya rufaa, majaji 8 kwa 4, ikasema jaji hana mamlaka ya kuutoa. Watuhumiwa wengi walikuwa kaburini, na karatasi zikabaki siri! Sasa hao ndio mnaotaka tuwaige?

Ninachokionea wivu mimi hakikutoka serikalini. Mwaka 1997 wakazi, weusi kwa weupe, waliunda kamati, wakatafuta makaburi ya wale wanne, wakayawekea mawe. Mwaka 1999 Dorsey akapewa heshima za kijeshi, na kibao kile kikasimikwa. Tangu 2005 watu wanaigiza mauaji yale palepale darajani. Mwaka wa kwanza wauaji waliigizwa na weusi waliovaa barakoa nyeupe, maana hakupatikana mzungu wa kukubali. Baadaye walipatikana.

Kwetu, Mwanza na Shinyanga, pamoja na wingi wa vikongwe waliouawa, sijaona kibao cha bibi hata mmoja. Diwani atakayekubali kusimika cha kwanza, kikiwa na jina, tarehe na neno aliuawa, pesa ya saruji na fundi nitatuma mimi.