Tauni na nduguye: jenomu karibu moja, majina mawili

Mwaka 1980 watafiti walipendekeza bakteria wa tauni, Yersinia pestis, asihesabiwe tena kuwa spishi kamili, bali tawi tu la Yersinia pseudotuberculosis. Huyu wa pili huingia mwilini kwa chakula au maji, akaleta homa na maumivu ya tumbo ambayo daktari anaweza kuyadhania ni kidole tumbo. Mwaka 1985 tume inayosimamia majina ya bakteria ilikataa, ikihofia mkanganyiko ungehatarisha watu.

Kwa DNA peke yake, hoja ya watafiti ilikuwa nzito. Jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, zilipokuja kusomwa nzima, ya tauni mwaka 2001 na ya nduguye mwaka 2004, jeni walizo nazo wote wawili zilikutwa zinafanana kwa takriban asilimia 97. Tauni ametokana na huyo mwenzake: kapata plasmidi mbili mpya, yaani vipande vidogo vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, na kapoteza jeni nyingi.

Chukua jeni iitwayo ureD. Kwa tauni imeingia herufi moja ya ziada, jeni ikaharibika, na kimeng'enya cha yurease hakifanyi kazi tena. Hasara? Hata kidogo. Yurease huua viroboto, na tauni anawategemea kusafiri. Watafiti walipoirekebisha jeni hiyo maabara, tauni akaanza kuwaua wabebaji wake mwenyewe. Ulinganisho ulionyesha pa kuchimba, lakini jibu lilitoka kwa kiroboto.

Na wakati mwingine hata pa kuchimba hapaonekani. Mwaka 2011 ilichapishwa jenomu ya tauni kutoka meno ya watu waliozikwa London mwaka 1348 hadi 1350, wakati wa tauni kubwa iliyoangamiza Ulaya. Halikupatikana badiliko la kueleza kwa nini iliua watu wengi kiasi kile. Njaa, msongamano na ukosefu wa dawa havisomeki kwenye DNA.

Kuhusu jina, niko upande wa tume. Muuguzi wa Lushoto, wilaya iliyowahi kusumbuliwa na tauni kwa miaka, akiona mtoki na homa kali anahitaji jibu lisilo na utata ili aanze dawa na kutoa taarifa mara moja. Ila jina peke yake halitoshi: mashine ya kutambua bakteria isiyo na tauni kwenye kumbukumbu zake inaweza kumtaja nduguye. Ndiyo sababu kipimo cha haraka hutafuta protini F1, ambayo jeni yake imo kwenye mojawapo ya zile plasmidi mbili asizo nazo nduguye.