Siku Nilipoigeuza Shule Kuwa Ini

Niseme mapema: ile soda sikuinywa mimi. Watu wa shuleni kwetu wakisimulia kisa hiki humalizia na "madam naye akaishia kunywa soda", na huo ni uzushi. Mengine yote wanayosema ni kweli, pamoja na lile la mkuu wa shule kuruka michongoma.

Nafundisha Biolojia kwenye sekondari moja ya bweni mkoani Morogoro. Mada inayonitoa jasho kila mwaka ni ya jinsi seli inavyopokea taarifa kutoka nje na kuipitisha ndani. Kitabu ni cha Kiingereza, ukutani kuna onyo la kuongea Kiswahili, na nikifika kwenye Protini G naona macho ya wanafunzi yanazimika, safu ya nyuma kwanza. Hapo huwa nafunga mlango nawapa Kiswahili chao. Bado hawaelewi.

Mwaka huo nikasema potelea mbali, tuigize. Shule iwe seli ya ini. Nyoka ametokea, mwili umemwaga adrenalini, na ini linatakiwa liachie sukari ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Nilikesha nikigawa vyeo.

Adrenalini nikampa binti mpole wa kwaya. Wanafunzi wengi wanadhani homoni hii inaingia ndani, inatembea mpaka kwenye sukari na kuiambia "toka". Wapi! Adrenalini haivuki kizingiti cha seli ya ini. Inafika mlangoni, inapiga hodi, inabaki barazani. Anayehangaika ni bawabu, yaani kipokezi, ambaye mwili wake umepenya ukuta, nusu nje nusu ndani. Nikamweka mvulana mmoja mrefu pale mlangoni, mguu mmoja barazani na mwingine darasani. Maelekezo: ukiguswa huku nje, jikunje huko ndani, umguse Protini G.

Huyu Protini G mtamsikia tena, maana ndiye aliyetuponza. Akiwa amelala huwa ameshika GDP, molekuli ndogo yenye fosfati mbili, yaani vipande viwili vyenye fosforasi. Kipokezi akimgusa, anaiachia na kushika GTP, yenye fosfati tatu, ndipo anaamka na kwenda kumwamsha mwenzake. Uzuri wake ni kwamba ana saa yake mwenyewe. Muda ukipita anaikata ile fosfati ya tatu na kurudi kulala bila kusukumwa na mtu. Fosfati nikazifanya vizibo vya soda, nikaviokota asubuhi nje ya kantini. Nikamwambia kijana: "Ukishika vitatu, hesabu mpaka 20, dondosha kimoja, kaa chini." Kuna mtoto wa kidato cha tano wa kushindwa hilo?

Mwenzake aliitwa Adenili Siklasi, amekaa dirishani. Kazi yake ni kuchukua ATP, molekuli ya nishati yenye fosfati tatu, kuiondolea mbili, na kinachobaki kukikunja kiwe duara. ATP nilizikopa kidato cha kwanza, vitoto 30 vyenye sare zinazowafika magotini. Kila anayepita mbele ya Siklasi alitakiwa aweke mkono mmoja kiunoni, kama mpini wa birika, halafu akimbie. Huyo sasa ni AMP ya mduara, mjumbe wa pili, anayepeleka ndani habari ya adrenalini iliyobaki barazani.

Mjumbe huyu aligunduliwa na Mmarekani Earl Sutherland, akapewa Nobel mwaka 1971. Alisaga ini, akatenga ngozi za seli na maji yake. Adrenalini ikagusa ngozi peke yake, kikatoka kitu kidogo ambacho hata ukikichemsha hakiharibiki. Ukikitia kwenye yale maji, kazi inaanza kana kwamba adrenalini yenyewe ipo. Nampenda sana mzee huyu. Alijua kwamba ukitaka kuelewa jinsi nyumba inavyoendeshwa, mwache mgeni nje umfuate mjumbe.

Wajumbe wanamwendea Kinasi A. Hapo niliweka vijana wawili wameshikwa mashati na walinzi wawili. Kila mlinzi akifikiwa na wajumbe wawili anaachia, na Kinasi anachomoka na chaki mkononi. Kinasi kazi yake ni kubandika fosfati kwenye mwili wa mwingine, na kwa sababu vizibo visingetosha nikasema alama ya chaki mgongoni inatosha. Aliyepakwa naye anapewa chaki, anakwenda kuwapaka wengine, mpaka tufike kwa kimeng'enya kinachokata glaikojeni, yaani sukari ya akiba iliyoungwa mnyororo. Glaikojeni yenyewe ilikuwa kidato cha pili B, wameshikana mikono kuuzunguka mwembe. Wakatwe kutoka mwishoni, mmoja mmoja, na kila anayekatwa ni glukosi. "Ukishakatwa," nikawaambia kwa sauti ya kutosha, "toka nje ya seli, ingia kwenye damu, nenda misulini."

Kwangu mimi, damu ilikuwa ule mzunguko wa uwanja wa mpira, na misuli ilikuwa goli la mbali. Sikusema.

Nilimweka pia wa kuzima. Fosfodiesterasi, nahodha wa timu ya mpira, kifua kama kabati. Kazi yake kuwakamata vitoto wenye mkono kiunoni na kuwashusha mikono, basi, ujumbe umekwisha.

Saa tano kasoro robo, binti wa kwaya akapiga hodi.

Raundi ya kwanza ilikuwa tamu mpaka nikatokwa na machozi. Bawabu akajikunja, Protini G akaokota vizibo, Siklasi akaanza kukunja watoto, walinzi wakaachia mashati, chaki zikapaa. Nikamwona glukosi wa kwanza anachomoka mwembeni, nikapiga makofi. Kisha nikamtazama Protini G nimwone anavyokaa.

Hakukaa.

Amesimama, ngumi imefumbwa, anahesabu "sitini na tatu, sitini na nne". Nikamwonyesha kwa mkono: kaa! Akatikisa kichwa kama mtu anayedaiwa. Siklasi, ambaye naye maelekezo yake yalikuwa asisimame mpaka Protini G akae, akaendelea kukunja. Vitoto 30 vilipokwisha, akaanza kukunja waliokuwa wanapita na ndoo.

Nikageuka kumtafuta Fosfodiesterasi. Naambiwa mwalimu wa zamu amemtuma kuchota maji ya ofisini.

Kitabu ninachofundishia kinasema molekuli moja ya adrenalini inaweza kuishia kuachia molekuli milioni 100 za glukosi, kwa sababu kila mmoja anaamsha wengi na kila mmoja wa hao anaamsha wengi tena. Nimeiandika namba hiyo ubaoni miaka tisa. Siku hiyo ndiyo niliielewa. Watu wenye chaki walimaliza kidato cha tano, wakaingia kidato cha tatu ambako kulikuwa na kipindi cha Jiografia, wakapaka safu ya mbele. Waliopakwa hawakuuliza. Mtu akija mbio akakupiga mgongoni na kuendelea mbio, Mtanzania wa kawaida hakai kuomba ufafanuzi. Kidato cha tatu wakatoka. Kidato cha nne wakawaona kidato cha tatu. Mpishi akatoka na mwiko. Mtu mmoja, hajapatikana mpaka leo, akapiga kelele: "Nyuki!"

Mkuu wa shule alikuwa ofisini anasaini hundi. Alimwona karani wake, mama mtu mzima mwenye kiuno kibovu, anapita dirishani kwa kasi. Akafanya uamuzi. Ule ua wa michongoma umepandwa na wamisionari, ni mrefu mpaka kifuani, na mimi kwa macho yangu nilimwona akiuvuka na suti ya kijivu bila kugusa jani.

Tulikaa nje ya ua kama dakika 20 tukisubiri nyuki.

Baadaye tukaitwa chini ya mwembe. Mkuu ana majani kichwani, anapumua kwa pua.

"Wewe. Ulikimbia kwa nini?"

"Niliguswa, mkuu."

"Nyuki ulimwona?"

"Hapana, mkuu."

"Nani alikugusa?"

"Huyu."

"Na wewe?"

"Niliguswa, mkuu."

Akapanda hivyo ngazi kwa ngazi. Kutoka kwa mwenye kukata, kwa mwenye chaki, kwa walinzi, kwa kitoto ambacho kilikuwa bado kimeweka mkono kiunoni kwa woga, kwa Siklasi, kwa Protini G, kwa bawabu. Watu zaidi ya 300, na hakuna hata mmoja aliyejua kuna nini. Kila mmoja alijua jirani yake tu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimekunja mikono kama mshtakiwa, lakini moyoni nasema, jamani, hii ndiyo mada yenyewe, mbona sina daftari! Mwisho akafika barazani, ambako binti wa kwaya alikuwa amekaa ameshika kitabu cha nyimbo. Hakukimbia. Hakuna aliyemgusa.

"Mimi nilipiga hodi tu, mkuu," akasema.

Mkuu akageuka kunitazama, na kidato kizima cha sita kikaona mgongo wa suti yake. Alama ya chaki, kubwa, katikati ya mabega. Mkuu alikuwa na fosfati. Walicheka mpaka kengele ikagongwa kuwanyamazisha.

Nikamwendea Protini G. "Baba, kwa nini hukudondosha kizibo?"

Akafumbua ngumi taratibu. Vizibo viwili vya kawaida, na cha tatu kimebanduliwa ile plastiki ya ndani. Kimeandikwa: UMESHINDA SODA.

"Ningekidondosha, madam, hawa fomu wani wangekiokota."

Kizibo kikachukuliwa na mkuu kama kielelezo. Kikaingia mfuko wa ndani wa koti. Sisemi zaidi.

Kesho yake niliandika barua ya kujieleza, kurasa mbili na mchoro wenye mishale. Nikaeleza kwamba kilichotokea kina mfano wake kwenye tiba: sumu ya kipindupindu inamkamata Protini G kwenye seli za utumbo na kumzuia asikate ile fosfati ya tatu. Anabaki macho, AMP ya mduara inazidi kutengenezwa, seli zinamwaga chumvi na maji bila breki, na mgonjwa anaharisha mpaka anakauka. Kwa hiyo, nikaandika, shule yetu jana ilipatwa na kipindupindu cha kuigiza. Barua ilirudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Maharage yaliyoungua atalipa nani?"

Lakini hayo ni ya kesho yake. Jioni ile kwenye namba, kidato cha pili B walipungua mmoja. Tukapekua bweni, tukapekua mwembe. Mlinzi wa getini akasema ndiyo, waliomba kupita glukosi sita, wakamwambia madam kawaruhusu. Watano amewaona wakirudi na chipsi. Nikaanza kusali.

Saa kumi na mbili na nusu simu ikaita.

"Mwalimu, habari za jioni. Mimi mama yake fulani, nakaa huku nyuma ya stendi ya Msamvu. Mtoto wangu amefika hapa anahema, hana begi. Namuuliza umefukuzwa ada? Anasema hapana, yeye ni sukari, ametumwa misulini. Mwalimu, huko mnawafundisha nini?"

Nikavuta pumzi. "Mama, ameshakula?"

"Yuko kwenye sahani ya pili."

"Mwache ale. Usimruhusu atoke tena. Nakuja mwenyewe kumrudisha kwenye glaikojeni."

"Kwenye nini?"

"Bwenini, mama."

Kazi ya kuitoa sukari kwenye damu na kuirudisha ghalani ni ya insulini. Insulini ya siku hiyo ilisimama barabarani kwenye giza, imevaa kandambili, inabishana bei na bodaboda. Kwenda elfu nne, kurudi mshikaki elfu sita, na dereva alikataa katakata kunipunguzia hata mia tano.