Kwa Nini Sitauondoa Uso wa Terminali

Mwezi uliopita mmoja wa wachangiaji wa mchezo wetu wa bao wa kompyuta alituandikia ombi fupi, lenye adabu zake zote, akitaka tuuondoe uso wa terminali, yaani sura ya mchezo inayoonyeshwa kwa maandishi, na kubaki na uso wa michoro peke yake. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Wachezaji wengi hufungua dirisha lenye picha ya ubao wa mbao, wala hawajui kwamba mchezo huohuo unaweza kuchezwa katika lile dirisha jeusi la maandishi, na kila tunapoongeza jambo jipya tunalazimika kulifanya mara mbili. Nimekaa na ombi hilo siku kadhaa, jioni nikiwa barazani hapa Mkomani, Lamu, nikiwatazama wazee wakicheza bao lenyewe baada ya swala ya alasiri, na nimeamua kulikataa. Sikatai kwamba nina mapenzi kidogo ya vitu vya kale, lakini si hayo yaliyoniongoza. Kwa uzoefu wangu, uso wa terminali ndio unaoulinda mchezo mzima usiharibike, pamoja na huo uso wa michoro anaoupenda yeye.

Kwa asiyeujua mradi huu, ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya C, inayocheza bao la Kiswahili lenye safu nne za mashimo manane na kete 64. Kanuni zote zimewekwa katika sehemu moja tunayoiita kiini. Juu ya kiini kuna nyuso mbili. Wa kwanza huandika herufi na tarakimu katika terminali, kwa maktaba (yaani msimbo ulio tayari kutumiwa) ya ncurses kwenye Linux na Mac, na kwa PDCurses kwenye Windows. Wa pili huchora ubao kwa maktaba ya SDL na kupokea kipanya au kidole. Katika terminali mashimo ya kawaida huonekana kama (2), na nyumba, shimo maalumu la kila mchezaji ambalo katika ubao wa kweli huchongwa mraba, huonekana kama [6]. Mchezaji wa bao haelezwi maana ya mabano hayo. Akiona mraba anajua ameiona nyumba.

Mgawanyo huo haukuwapo tangu mwanzo, na kisa cha kuupata ndicho hasa ninachotaka kumweleza ndugu yetu mwenye ombi. Nilipoandika toleo la kwanza nilikuwa peke yangu na nilikuwa na terminali tu, kwa hiyo sikuona haja ya kutenga chochote. Kipande cha msimbo kilichosambaza kete kilizichukua shimoni, kikaangusha moja katika shimo linalofuata, kikachora ubao upya, kikasubiri milisekunde 200 ili jicho lione, kisha kikaendelea hadi kete ya mwisho. Kanuni, uchoraji na kusubiri vilikuwa katika mistari ileile. Katika terminali jambo hilo lilipendeza sana, kwa sababu terminali haimdai mtu chochote: ukinyamaza nusu dakika, nayo inanyamaza.

Dirisha la michoro halina subira hiyo. Mfumo endeshi huipelekea programu taarifa mfululizo, kwamba kipanya kimesogea, dirisha limefunikwa, mtumiaji ametaka kulifunga, na programu isipozipokea kwa muda mfupi huhesabiwa kuwa imekufa. Anayejua bao anajua pia kwamba zamu moja ya mtaji, yaani ya kula, inaweza kuzunguka ubao mara nyingi, mtu akila, akisambaza, akila tena. Wakati wote huo msimbo wangu ulikuwa umelala na kuamka ndani ya usambazaji wa kete, bila kumjibu mtu. Binamu yangu alinipigia simu akisema, "Kaka, mchezo wako umekufa." Nikamwambia haujakufa, unakula. Lakini kompyuta yake ilikuwa imekwisha kumuuliza kama aizime programu, naye alikuwa amekwisha kuizima, na mchezo aliokuwa akishinda ukapotea.

Nilidhani dawa ni kuongeza mstari wa kupokea taarifa katikati ya usambazaji. Niliuongeza, na kwa siku mbili nikajiona fundi. Kisha nikafika kwenye safari ya nyumba.

Wakati wa kunamua, yaani awamu ya kwanza ambapo kete za mkononi huingizwa ubaoni, kete ya mwisho ya mchezaji anayekula ikiangukia katika nyumba yake ambayo bado haijavunjwa, na shimo la mwenzake lililo mbele yake likawa tupu, mchezaji ana hiari: alale, yaani zamu iishe, au asafiri, yaani azichukue kete za nyumba na kuzisambaza. Hiari hiyo huja katikati ya zamu, na programu haiwezi kumwamulia. Katika toleo langu la terminali kanuni zilisimama palepale, zikaandika swali chini ya skrini na kungoja herufi moja kutoka kwenye kibodi. Kanuni zenyewe zilikuwa zinasoma kibodi! Katika dirisha la michoro swali linapaswa kuwa vibonye viwili vinavyosubiri kubofywa huku dirisha likiendelea kuishi, na tulipojaribu kuupeleka mchezo kwenye kivinjari mambo yakawa magumu zaidi, kwa maana humo programu ikikaa kusubiri ndani ya msimbo wake, ukurasa wote huganda.

Hapo ndipo nilipokubali kubomoa. Leo kiini hakichori, hakisubiri na hakiulizi. Kinapewa hatua ya mchezaji na kurudisha orodha ya matukio, kete gani imeangukia shimo gani na nini kimeliwa, na mwishoni hutaja hali moja katika tatu: zamu imekwisha, mchezo umekwisha, au kuna jibu linalongojwa kuhusu safari. Namna ya kuyaonyesha hayo ni shauri la kila uso. Uso wa michoro huziangusha kete mojamoja kwa mlio wa mbao, nao wa terminali huyapitia matukio yaleyale kwa mwendo wake. Pana uso wa tatu pia, usioonyesha kitu, ambao huzicheza upya zamu zilizorekodiwa na kulinganisha ubao wa mwisho na ule uliotarajiwa. Huo ndio hutuambia usiku nani amevunja kanuni mchana.

Swali langu kwa mwenye ombi ni hili: kama tungekuwa na uso wa michoro peke yake, nani angetulazimisha kufanya hivyo? Msimbo wenye uso mmoja huteleza polepole. Leo mtu anaweka rangi ya kete ndani ya kanuni kwa kuwa ni mstari mmoja tu, kesho mwingine anapima mahali pa shimo kwa pikseli, na baada ya mwaka mmoja huwezi tena kujua bao linaishia wapi na picha inaanzia wapi. Uso wa pili hukataa uzembe huo papo hapo, maana kiraka, yaani badiliko la msimbo, kinachochanganya mambo hakijengeki upande wa pili.

Wala hatukubuni sisi. Michezo ya namna hii na maktaba za terminali vilikua pamoja: Rogue, mchezo wa kuzuru mapango uliotoka mwaka 1980 hivi, ulichorwa kwa herufi kwa kutumia curses, mtangulizi wa ncurses, maktaba iliyoandikwa na Ken Arnold katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Arnold mwenyewe baadaye akaufanyia kazi mchezo huo. NetHack, mchezo wa ukoo huohuo ulioanza kutolewa mwaka 1987, bado unadumishwa, na siri yake mojawapo ni kwamba kiini chake huzungumza na kila aina ya skrini kupitia jedwali moja la kazi zinazojulikana: chora alama hapa, uliza ndiyo au hapana, soma kibonye. Anayetaka kuleta skrini mpya hujaza jedwali hilo. Lakini humo kiini ndicho huuliza na kungoja jibu, tabia ileile iliyonitesa kwenye safari, na kwa hilo nimechagua njia nyingine.

Sitaki kudai kwamba terminali haina maudhi yake. Kibonye cha Esc kilinichosha wiki nzima. Mchezaji alikibonyeza ili kughairi hatua, na mchezo ukakaa kama umezubaa kwa sekunde nzima kabla ya kuitika. Chanzo chake ni cha zamani: mshale wa juu hautumwi kama kibonye kimoja bali kama baiti tatu, 27, 91 na 65, na hiyo 27 ndiyo Esc yenyewe. Kwa hiyo ncurses ikipokea 27 haijui kama umebonyeza Esc au kama baiti nyingine mbili ziko njiani, nayo kwa kawaida husubiri milisekunde 1000. Ilikuwa na maana kwa vifaa vya miaka ya 1970 vilivyounganishwa kwa nyaya za polepole. Tuliipunguza ikawa 25. Kosa jingine lilikuwa langu kabisa: nilisahau kuiambia programu itumie lugha na herufi za mfumo kabla ya kuiwasha ncurses, na fremu nzuri niliyoizungushia ubao ikatokea kama takataka. Tangu hapo fremu inachorwa kwa alama za kawaida tu, + na - na |, na hakuna aliyelalamika.

Rangi nitazipitia upesi. Msitegemee buluu iliyoiva juu ya weusi, na msitofautishe pande mbili za ubao kwa rangi peke yake.

Maudhi ya upande wa michoro ni ya aina nyingine, na kwa hesabu yangu ndiyo makubwa zaidi. Kwenye skrini zenye pikseli nyingi SDL2 hukupa vipimo viwili, ukubwa wa dirisha kwa vipimo vya mfumo na ukubwa wake kwa pikseli halisi, na mahali pa kipanya hutajwa kwa kile cha kwanza ilhali uchoraji hufanyika kwa cha pili. Tulivichanganya. Mchezaji alibofya kichwa, shimo la mwisho la safu, zikanyanyuka kete za kimbi, shimo jirani yake. Akafikiri hajui kubofya. Na maktaba zenyewe hazitulii: msimbo wa SDL 1.2 ulilazimika kuandikwa upya ilipokuja SDL2 mwaka 2013, na SDL3, iliyotoka mapema mwaka 2025, imebadilisha majina na tabia za kazi nyingi. Upande wa curses kuna msimbo wangu ambao sijaugusa tangu nilipouandika, na kila asubuhi unajengeka. Ajabu ni kwamba anayetaka kupunguza kazi ya matunzo amependekeza kuufuta uso unaotusumbua kidogo kuliko mwenzake.

Kuna pia swali la nani anacheza. Mwenye ombi aliandika kwamba hakuna mtu leo anayetumia terminali. Huenda mtaani kwake ni hivyo. Hapa Lamu wapo vijana wasio na kompyuta ila wana simu ya Android, na ndani yake wameweka Termux, programu inayoleta terminali kwenye simu, na humo wanajifunza kuandika programu. Kijana mmoja wa Langoni alituletea kiraka chake cha kwanza akiwa na simu tu. Alikuwa amegundua kwamba ubao wetu ulikuwa na upana wa herufi 52 na kwamba simu ikishikwa wima, upande wa kulia wa ubao hushukia mstari wa pili. Akaupunguza: mashimo manane kwa herufi nne ni 32, na pembeni pakabaki nafasi ya kuandika kete zilizo mkononi. Nilikuwa nimeutazama ubao ule kwa miaka bila kuliona jambo hilo, kwa sababu sikuwahi kuucheza kwenye skrini nyembamba. Sasa yeye na rafiki yake aliye Mombasa huingia katika seva moja kwa SSH, njia salama ya kuitumia kompyuta ya mbali kwa terminali, na kucheza kwa bando dogo la intaneti, maana kinachopita hewani ni baiti chache za tarakimu zilizobadilika.

Mzee mmoja wa barazani, nilipomwonyesha nyuso zote mbili, aliutazama wa michoro akasema, "Huu mzuri, mwanangu, kete zasikika." Kisha akautazama wa terminali kwa muda mrefu zaidi, akahesabu kwa kidole, na kuniambia kwamba huu ndio angeutumia kumfundishia mjukuu, kwa sababu idadi ya kete iko wazi na mtoto hawezi kusingizia macho. Sikumwambia kwamba kulikuwa na ombi la kuufuta.

Hata hivyo sisemi kila uso ulindwe milele. Mwaka jana tuliondoa toleo la kivinjari, ingawa lilipendwa, kwa kuwa aliyelileta aliondoka na hakuna mmoja wetu aliyejua kulijenga. Kila toleo jipya lilitoka likiwa limevunjika, na watu wakaudhani mchezo mzima umevunjika. Akipatikana mtu wa kulitunza litarudi. Ninachokipima ni kama uso una mwenyewe, si umri wake wala wingi wa wanaoutumia. Wala sidai nyuso zifanane. Aliyewahi kujaribu kuiga mlio wa kete kwa kengele ya terminali, na mimi nilijaribu, anajua kwa nini familia yangu iliniomba niache siku ileile.

Nimemjibu mwenye ombi kwa maneno machache kuliko haya, nikalifunga. Nimemwomba pia, kwa kuwa anaujua uso wa michoro kuliko sisi, atuongoze katika kuhamia SDL3, na amekubali. Kiraka chake cha kwanza kimefika juzi. Amegusa faili nne, zote za uso wa michoro, na kiini hakikubadilika hata mstari mmoja.