Ufunguo wa Mahakama Uko Mfukoni mwa Askari

Jumamosi asubuhi jirani yangu alinigongea mlango akiwa na bahasha mkononi. Ni mama wa Kikongo, alifika Marekani akitokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na Kiingereza chake ni cha kazini: zamu, maboksi, mapumziko. Barua zinazomshinda tunazisoma pamoja mezani kwangu. Hii ilitoka kwa mwanawe aliyeko gerezani. Imeandikwa kwa penseli nyuma ya fomu ya kuagizia vitu vya duka la gereza, herufi ndogo, mistari imebanana mpaka ukingoni. Ndani yake alikunja nakala ya njano ya shtaka la nidhamu. Mama ameniruhusu niandike, ila nisitaje jina, gereza wala jimbo.

Kijana anasema askari alimsukuma ukutani kwenye foleni ya chakula. Akajaza fomu ya malalamiko. Siku mbili baadaye akashtakiwa kwa kutoa maelezo ya uongo dhidi ya mtumishi wa gereza. Na ushahidi kwamba ni uongo? Maelezo ya mtumishi yuleyule. Kijana aliomba kamera ya ukumbi iangaliwe. Kwenye nakala ya njano, mahali pa kuandika ushahidi ulioombwa na mshtakiwa, mtu ameandika kwa mkono kwamba hauhitajiki. Chini yake: maelezo ya mtumishi yanaaminika. Adhabu, siku 20 za kutengwa. Anasema shauri lilikwisha kabla hajamaliza kueleza alikuwa amesimama wapi.

Mstari wa mwisho wa barua unasema: "Mama usipige tena simu kuuliza habari zangu, ukiuliza mimi ndiye ninayelipa."

Mama akaniangalia. "Dada, sasa akisema walimupiga, wanamufunga tena mule mule gerezani?"

Sikuwa na jibu la kumpoza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tangu siku hiyo nasoma. Sheria ipo, na msingi wake ni mzuri. Mwaka 1871, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kumwezesha mtu kumshtaki ofisa wa jimbo aliyemvunjia haki zake za kikatiba. Ilitungwa kwa sababu ya Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi, wakati watu weusi wa Kusini walipokuwa wakiuawa na maofisa wa majimbo yao wakitazama pembeni. Mwaka 1964, katika kesi ya Thomas Cooper, mfungwa Mwislamu wa Illinois aliyenyimwa machapisho ya dini yake, Mahakama ya Juu ikakubali kwamba mfungwa naye anaweza kuitumia. Na mahakama za hapa zimekwisha kusema mara nyingi kwamba kumwadhibu mfungwa kwa sababu amelalamika ni kuvunja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yanayolinda uhuru wa kusema na wa kuilalamikia serikali. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba alifanya jambo ambalo Katiba inalilinda, kwamba alitendewa kitu ambacho kingemkatisha tamaa mtu wa kawaida asiendelee, na kwamba hicho alichotendewa kilitokana na lile alilofanya.

Kuhusu mashauri ya nidhamu pia kuna maneno mazuri. Mwaka 1974, katika kesi iliyotoka Nebraska, Mahakama ya Juu iliandika kwamba hakuna pazia la chuma kati ya Katiba na magereza ya nchi hii. Mfungwa anayeweza kupoteza siku alizopunguziwa kwa tabia njema apewe mashtaka kwa maandishi angalau saa 24 kabla, aruhusiwe mashahidi pale ambapo usalama hauathiriki, aandikiwe sababu za uamuzi. Halafu yakaanza kupunguzwa. Mwaka 1985 wakasema uamuzi wa gereza unasimama ukiwa na ushahidi wowote ule, hata kidogo. Mwaka 1995, katika kesi ya mfungwa wa Hawaii, wakasema siku 30 za kutengwa kama adhabu si ugumu wa kiasi cha kumpa haki ya kusikilizwa namna hiyo.

Siku 30! Kijana wetu ana 20.

Kwa hiyo, kwa upande wa kusikilizwa kwa haki, mahakama ya shirikisho ina nafasi kubwa ya kumwambia kwamba hana kesi. Mlango unaobaki ni ule wa kulipiziwa kisasi. Na hapo ndipo palipo na jambo linaloninyima usingizi.

Mwaka 1996 Bunge lilipitisha sheria, Rais Bill Clinton akaitia sahihi, inayosema mfungwa hawezi kwenda mahakamani kuhusu hali ya gerezani mpaka amalize kwanza hatua zote za malalamiko ndani ya gereza lenyewe. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba lazima azimalize kwa usahihi, kwa kufuata kila taratibu na kila muda uliopangwa. Ukichelewa, imekwisha. Na anayepanga huo muda ni gereza. Ngazi za rufaa, gereza. Fomu zinatunzwa na gereza.

Tazama hilo kwa macho ya mtu aliyetengwa. Yuko ndani ya seli karibu siku nzima. Kila kitu kinampitia kwenye tundu la mlango, lile la kusukumia sinia ya chakula: chakula, dawa, karatasi. Ili apate fomu anamwomba askari wa zamu. Ili airudishe anamkabidhi askari wa zamu. Askari akisema fomu zimekwisha, basi zimekwisha. Kijana anaandika kwamba aliomba mara tatu, na mara zote tatu aliambiwa hivyo. Askari akiikunja fomu akaitia mfukoni, ni nani atakayejua? Wahenga wetu walisema kesi ya nyani hakimu ngedere. Hapa hata huyo hakimu hujamfikia. Uko bado kwenye kuomba karatasi ya kuandikia, na unamwomba nyani.

Watu watasema mahakama zinalijua hilo. Ni kweli, zinalijua, na zimelijua muda mrefu. Mwaka 1941 mfungwa wa Michigan aliyeitwa Hull alitaka kupeleka ombi lake mahakamani. Maofisa wa gereza wakalizuia, kisha wakachukua karatasi alizojaribu kumpa baba yake azipeleke. Mahakama ya Juu ikasema jimbo haliwezi kusimama kati ya mfungwa na mahakama. Mwaka 2016 ikasema mfungwa analazimika kumaliza tu zile hatua ambazo kweli anaweza kuzifikia. Kama maofisa wanamzuia kwa vitisho, hila au kumdanganya, basi njia hiyo haipo. Nilipoisoma nilishusha pumzi.

Lakini nani ataamini kwamba alitishwa?

Hilo lilifika Mahakama ya Juu kwa kesi iliyotoka Michigan hiyohiyo. Kyle Richards, mfungwa, alidai kwamba mtumishi wa gereza aitwaye Thomas Perttu aliwadhalilisha wafungwa kingono, na kwamba alipotaka kulalamika, fomu zake ziliharibiwa na akatishiwa kuuawa akiandika nyingine. Upande wa pili ukasema hakumaliza hatua za malalamiko, kwa hiyo kesi itupwe. Swali likawa: anayeamua kama fomu zile ziliharibiwa ni jaji peke yake, au ni juri, raia wa kawaida walioketi kusikiliza ushahidi? Juni 2025 Mahakama ilisema kwamba pale ambapo ubishi wa fomu na kiini cha kesi ni kitu kimoja, mfungwa ana haki ya juri. Kura tano kwa nne.

Nashukuru kwa zile tano. Lakini fikiria umbali uliotembewa. Mtu anasema nilitishiwa kuuawa kwa sababu ya kuandika malalamiko, na miaka inapita watu wakibishana kama aliandika malalamiko ya kutosha. Na ushindi wenyewe ni kwamba sasa atapata watu wa kumsikiliza kuhusu hatua ya kwanza. Hajashinda kesi. Ameruhusiwa kueleza kwa nini karatasi yake haikufika.

Haya, nikubali lililo la kweli. Wapo wafungwa wanaoandika malalamiko ya uongo, na wapo wanaofungua kesi kumi kwa hasira ya jambo moja. Kazi ya askari magereza ni ngumu na ya hatari. Wapo wanaoifanya kwa uungwana, na sitaki kuwaweka wote kapu moja. Majaji nao walikuwa na mafaili mengi mwaka 1996.

Ila msinirudishie hadithi ya siagi ya karanga. Wakati sheria ile ikipigiwa debe, wanasiasa walizunguka wakisimulia juu ya mfungwa aliyefungua kesi kwa sababu alipewa siagi ya karanga laini badala ya ile yenye chembechembe. Watu walicheka nchi nzima. Jaji Jon Newman, wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, alikwenda kulitafuta faili lenyewe. Akakuta kwamba yule mtu alinunua kopo dukani, akaletewa siyo, akalirudisha akaahidiwa jingine, kisha akahamishwa gereza; hakupata kopo na hakurudishiwa pesa yake, dola 2.50. Ni pesa ndogo kwa mbunge. Lakini kuna majimbo, Texas likiwamo, ambako mfungwa anafanya kazi shambani au jikoni bila kulipwa hata senti moja. Kwake dola mbili na nusu ni pesa iliyotumwa na mama baada ya zamu ya usiku. Namjua mama wa namna hiyo, anaishi mlango wa pili. Mtu aliyedhulumiwa dola 2.50 na serikali amedhulumiwa, na kicheko kile kilisaidia kuwafungia mlango watu waliovunjwa mbavu.

Sheria hiyohiyo ina mengine: ada ya mahakama ya dola 350 inayokatwa kidogo kidogo kwenye akaunti ya mfungwa hata kama ni maskini, fidia ya maumivu ya moyo inayonyimwa asiyeonyesha jeraha la mwili, na ada za wakili zilizowekewa kikomo mpaka mawakili wengi wanazikimbia kesi hizi. Kila moja lingetosha makala yake.

Najua pia wapo watakaoniandikia kwamba magereza ya kwetu Afrika Mashariki yana msongamano na mateso makubwa zaidi, nianzie huko. Sibishani. Lakini mateso ya gereza la Keko, Dar es Salaam, hayampunguzii huyu kijana hata siku moja kati ya zile 20.

Ninachodai si kikubwa. Fomu ya malalamiko iende kwa mtu asiyelipwa na gereza, na mfungwa abaki na nakala yenye mhuri wa tarehe. Picha za kamera zihifadhiwe mara tu mfungwa anapozitaja. Siku zisihesabiwe wakati mtu ametengwa na hana kalamu. Na anayeshtakiwa nidhamu kwa sababu ya malalamiko aliyoandika asihukumiwe na mwenzake yule aliyemlalamikia. Bunge lililoandika sheria ya 1996 linaweza kuirekebisha.

Jumamosi ile tulishusha kalenda ukutani tukahesabu kwa kidole. Utaratibu wa gereza lile unatoa siku tano za kazi za kulalamika. Muhuri wa posta ulionyesha barua imekaa njiani siku tisa. Siku tano zilikuwa zimekwisha kabla bahasha haijafika kwa mama yake.

Tukaandika jibu hivyohivyo. Nilimwandikia: andika tarehe na saa ya kila mara ulipoomba fomu, na jina la askari uliyemwomba. Andika alivyokujibu, neno kwa neno. Andika tena malalamiko hata kama muda umepita, na useme kwa nini umepita. Kata rufaa ya shauri la nidhamu, itaje kamera tena, na itaje kila ngazi. Nakala ya njano tunayo, tumeipiga picha, iko sehemu mbili. Yeyote mwenye ndugu ndani, fanyeni hivyohivyo, leo, kabla halijatokea lolote.

Mama alisikiliza nikimsomea mpaka mwisho. Simu yake ilikuwa mezani, namba ya gereza imo humo, alikuwa ameipiga mara nyingi wiki ile. Akaisogeza kando ya sukari, akaigeuza kioo chini.

"Ongeza moja," akasema. "Mwambie sitapiga. Na mwambie ninalala vizuri."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaandika alivyotaka.